Simu au Kinasa Sauti: Kuchagua Kifaa cha Kurekodi na Kutambua Ving'ora vya Tahadhari

Mtu anayeanza kurekodi ving'ora vya tahadhari, vile vinavyofungwa juu ya nguzo au mapaa ili kuwaonya walio nje kuhusu kimbunga, mafuriko, ajali ya kiwanda au shambulio la anga, hufikiwa mapema na swali la kifaa: je, simu iliyo mfukoni inatosha, au atafute kinasa sauti cha mkononi? Jibu analopewa mara nyingi ni kwamba kinasa sauti ni bora kwa sababu sauti yake ni safi zaidi. Jibu hilo si la uongo, lakini halimsaidii kuchagua, kwa kuwa usafi wa sauti si jambo moja. King'ora hutambulika kwa ushahidi wa aina mbili: kidatu chake, yaani wembamba au uzito wa sauti, na mwenendo wa nguvu ya sauti hiyo tangu inapoanza hadi inapozimika. Simu huhifadhi ushahidi wa kwanza vizuri kuliko wengi wanavyodhani, na huharibu ule wa pili vibaya kuliko wanavyodhani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kifaa kipi ni bora, yafaa kuuliza king'ora unachokifuata hutambulika kwa ushahidi upi.

Kidatu, na kwa nini simu hukiweza

Ndani ya king'ora cha mota mna gurudumu lenye matundu, rota, linalozunguka ndani ya ganda lisilosogea ambalo nalo lina matundu. Matundu ya rota yanapokutana na ya ganda, hewa hutoka kwa kishindo. Yanapopishana, hewa hukatwa. Mkato huo ukirudiwa mamia ya mara kwa sekunde ndio sauti tunayoisikia. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha idadi ya matundu kwa idadi ya mizunguko ya mota kwa sekunde, nawe umepata idadi ya mitetemo kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa hezi. Charles Cagniard de la Tour, Mfaransa aliyekiboresha chombo hiki mwaka 1819 na kukipa jina linalotumika hadi leo katika lugha za Ulaya, alikitumia kwa hesabu hiyohiyo ili kupima kidatu cha sauti. Anayekaa leo mbele ya kompyuta akihesabu matundu ya king'ora kutokana na rekodi anakirudisha chombo kwenye kazi yake ya awali, ila anaifanya kinyumenyume.

Chukua mota inayozunguka mara 3,450 kwa dakika, mwendo wa kawaida kwa mota nyingi za umeme wa Marekani. Hiyo ni mizunguko 57.5 kwa sekunde. Rota yenye matundu 8 itatoa hezi 460, na yenye matundu 12 itatoa hezi 690. King'ora chenye safu zote mbili hutoa sauti mbili kwa pamoja, moja nzito na moja nyembamba, kwa uwiano wa 2 kwa 3, na sikio lililozoea muziki huutambua uwiano huo mara moja. Sasa kifunge king'ora hichohicho kwenye umeme wa Ulaya, ambako mota ya aina hiyo huzunguka takriban mara 2,850 kwa dakika: sauti zitashuka hadi hezi 380 na 570. Namba zote mbili zimebadilika, lakini uwiano umebaki 2 kwa 3. Ndiyo maana wazoefu wa kazi hii hutazama uwiano kwanza na namba zenyewe baadaye. Huzuni inayosikika katika ving'ora vya Uingereza vya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia inatokana na uwiano wa 5 kwa 6, uliozaliwa na matundu 10 upande mmoja na 12 upande wa pili.

King'ora cha sauti moja hakina uwiano wa kutazama, na hapo namba yenyewe hubeba uzito wote. Mfano mzuri ni E57 ya Ujerumani, ile yenye kofia kama uyoga iliyotapakaa juu ya mapaa ya nchi hiyo: matundu 9 na mizunguko takriban 2,800 kwa dakika huipa sauti ya hezi 420 hivi. Ukipima 420 kwenye rekodi ya Ujerumani, una dalili njema, ingawa bado si uthibitisho. Tahadhari inahitajika zaidi kwa ving'ora vinavyoendeshwa kwa betri, kwa sababu mota zake hupunguza mwendo kadiri betri inavyochoka, na king'ora kilekile kinaweza kusikika kizito mwezi huu kuliko mwezi uliopita bila kubadilishwa chochote.

Yote haya simu huyaweza. Saa ya ndani inayoongoza kurekodi kwa simu ya kawaida ni sahihi kiasi kwamba kosa lake katika kidatu ni dogo mno kusikika, na ule mgandamizo wa faili unaolalamikiwa na wengi hupunguza maelezo madogo ya sauti lakini hauhamishi kidatu. Hezi 460 zilizoingia kwenye simu zitatoka zikiwa hezi 460. Ukiifungua rekodi katika programu kama Audacity, ambayo hailipiwi, na kuitazama kwa njia ya spektrogramu, yaani picha inayoonyesha sauti nyembamba juu, nzito chini na muda ukienda kulia, utaona mistari ya king'ora wazi hata pale ambapo sikio linasumbuliwa na magari. Kuna mpangilio mmoja wa kuujali hapo, nao ni ukubwa wa dirisha la uchanganuzi, yaani idadi ya sampuli (vipimo vidogovidogo vya sauti) ambazo programu huzichanganua kwa pamoja. Rekodi ikiwa na sampuli 48,000 kwa sekunde na dirisha likawa 4,096, picha hutenganisha sauti zilizopishana kwa hezi 12 hivi, kiasi kisichotosha kupima kwa uhakika. Ukipandisha dirisha hadi 32,768, tofauti ya hezi 1.5 hivi huonekana. Dirisha pana, hata hivyo, humeza mabadiliko ya haraka, kwa hiyo litumie pale sauti imetulia kileleni na ulipunguze unapochunguza kupanda na kushuka.

Mtu ambaye haja yake ni kujua idadi ya matundu na uwiano wa sauti hana sababu ya kununua chochote. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu nimeona wanaoanza wakiahirisha kazi kwa miezi wakisubiri kifaa ambacho hakitaongeza lolote katika swali hilo.

Nguvu ya sauti, na mahali simu inapodanganya

Simu imeundwa kwa ajili ya mazungumzo ya watu. Ina mfumo unaoshusha sauti kubwa na kupandisha sauti ndogo wenyewe, ili anayenong'ona na anayepiga kelele wote wasikike sawa. Mara nyingi ina pia kichujio cha kelele, na kichujio hicho kina kanuni moja ambayo ni msiba kwa kazi yetu: sauti inayobadilikabadilika huichukulia kuwa maneno, na sauti inayodumu bila kubadilika huichukulia kuwa kelele ya kufutwa, kama ya feni au injini. King'ora kinachotoa mlio mmoja mfululizo kwa dakika nzima kinafanana kabisa na kile ambacho kichujio kimefundishwa kukifuta.

Rekodi yangu ya kwanza ilinifunza jambo hilo kwa uchungu. Nilisimama mahali pazuri, upepo umetulia, nikarekodi jaribio zima kwa programu ya sauti iliyokuja na simu. Nyumbani nilisikia king'ora kikianza kwa nguvu, kikafifia baada ya sekunde chache hadi kuwa kama kinatoka chini ya maji, huku ndege waliokuwa mtini wakisikika vizuri sana. Kwa siku kadhaa niliamini kwamba king'ora kile kilikuwa na hitilafu, na karibu niandike hivyo katika kumbukumbu zangu.

Madhara ni makubwa zaidi kwa ving'ora vinavyozunguka. Aina kama 2001-130 ya kampuni ya Federal Signal ina pembe moja inayogeuka taratibu juu ya nguzo, na kwa msikilizaji sauti hujaa pembe inapomwelekea na kupwa inapompa mgongo. Muda kati ya kujaa kumoja na kwingine ni mwendo wa mzunguko wa kichwa, na kiasi cha kupwa kinaonyesha jinsi pembe inavyobana sauti upande mmoja. Hizo ni alama mbili za utambuzi ambazo kidatu hakiwezi kuzitoa. Simu inayosawazisha sauti yenyewe hupandisha kile kinachopwa na kushusha kile kinachojaa, na mwishowe king'ora kinachozunguka husikika kama kilichosimama.

Vivyo hivyo kwa sauti ndogo zinazoambatana na mlio mkuu. Thunderbolt, king'ora cha Marekani cha miaka ya 1950 ambacho bado kina wapenzi wengi, hupata hewa yake kutoka kwa mashine tofauti ya kusukuma hewa iliyo chini, na aliye karibu husikia mngurumo wa mashine hiyo chini ya mlio wenyewe. Ni alama adimu, na ndiyo ya kwanza kupotea kichujio kinapofanya kazi. Kisha kuna mwisho wa mlio. Rota nzito haisimami umeme unapokatwa. Huendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki, sauti ikizidi kuwa nzito na ndogo hadi inakuwa mngurumo usiosikika. Urefu wa mteremko huo unaeleza uzito wa rota na kama ina breki. Kwenye simu, kadiri mlio unavyofifia ndivyo upepo na magari yanavyopandishwa, na mteremko huzama katikati yake.

Kinasa sauti cha mkononi hushinda hapa, na hushinda kwa sababu moja tu: unaweza kukiwekea kiwango cha kupokea sauti kwa mkono wako na kikabaki palepale tangu mwanzo hadi mwisho. Si ubora wa maikrofoni zake unaoleta tofauti kubwa. Kinasa sauti cha bei ya chini kilichofungiwa kiwango kimoja hukishinda kile cha gharama kilichoachwa kijirekebishe chenyewe, na wapo wanunuzi wanaosahau kuzima urekebishaji huo wakapata matokeo yaleyale ya simu. Upande wa pili, ziko programu za simu zinazomruhusu mtumiaji kuzima vichujio na kuweka kiwango cha kudumu. Kama simu yako inakubali programu ya namna hiyo, umbali kati ya vifaa hivi viwili hupungua sana, na ningemshauri mtu ajaribu njia hiyo kabla ya kutoa fedha.

Pale kinasa sauti kinaposhindwa

Uhuru wa kuweka kiwango mwenyewe una gharama yake: ukikosea, hakuna wa kukusahihisha. Ukikiweka juu mno, sauti itapasuka kileleni, na mpasuko huo huzalisha mistari ya uongo kwenye spektrogramu ambayo mgeni anaweza kuidhani ni safu nyingine ya matundu. Simu katika hali hiyo huenda ingejishusha na kuokoa angalau kidatu. Kuna vinasa sauti vya kisasa vinavyohifadhi sauti kwa upana wa biti 32 kiasi kwamba kiwango kinaweza kurekebishwa baadaye, na ni kweli kwamba huondoa sehemu kubwa ya hofu hii. Lakini upana huo uko katika uhifadhi. Maikrofoni yenyewe ina kikomo chake, ambacho kwa nyingi zilizojengewa ndani ya simu na vinasa sauti vidogo ni karibu desibeli 120 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), na ikishapita hapo sauti imeharibika kabla hata ya kufika kwenye kadi ya kumbukumbu.

Kikomo hicho si cha kinadharia. King'ora cha 2001-130 hupimwa desibeli 130 kwa umbali wa futi 100, yaani mita 30 hivi. King'ora cha Chrysler cha mwaka 1952, kilichoendeshwa kwa injini ya petroli ya silinda 8 yenye nguvu-farasi 180, kilifikia 138 kwa umbali huohuo. Mahali pasipo kizuizi, sauti hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili, kwa hiyo desibeli 130 za mita 30 huwa 124 kwa mita 60, 118 kwa mita 120 na 112 kwa mita 240. Wanaopanga mifumo ya tahadhari kwenye maeneo yenye majengo na miti huhesabu upungufu wa desibeli 10 badala ya 6, na kwa hesabu hiyo mita 240 hufikia 100. Kwangu mimi, mita 200 hadi 300 ndiyo nafasi ya kuanzia, kwa kifaa chochote kati ya hivi viwili. Masikio nayo yamo katika hesabu hii: NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, huweka kikomo cha dakika 15 kwa desibeli 100, na muda huo hupungua kwa nusu kila zinapoongezeka desibeli 3. Kusogea karibu na nguzo bila viziba masikio ni kujidhuru, na rekodi inayopatikana huko ni mbaya zaidi.

Upepo ni adui wa wote. Sifongo inayovishwa juu ya maikrofoni za kinasa sauti husaidia sana, wakati simu haina pa kuvishwa kitu cha namna hiyo; hilo ni jambo dogo, lakini siku ya upepo huamua kila kitu.

King'ora cha spika ni habari nyingine

Hadi hapa nimezungumzia ving'ora vya mota. Vile vya kielektroniki, kama vya kampuni ya Whelen vyenye vipaza sauti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, havina rota wala matundu. Sauti hutungwa na sakiti na kupitishwa kwenye spika, na king'ora kimoja kinaweza kutoa mlio wa kupanda na kushuka, mlio wa mfululizo, milio ya kengele na hata maneno ya mtu. Hesabu ya matundu haina maana tena. Dalili za sauti zilizobaki ni chache: mlio unaweza kuanza ukiwa kileleni bila kupanda, na unaweza kukatika ghafla bila ule mteremko wa rota. Zinatosha kukuambia kwamba king'ora ni cha spika, lakini mara nyingi hazitoshi kukuambia ni cha nani na cha aina gani.

Kwa ving'ora hivi umbo ndilo linaloamua: idadi ya ngazi za spika, umbo la kila ngazi, kama zinaelekea pande zote au upande mmoja. Hapo simu inashinda bila ubishi, kwa sababu ina kamera. Dakika moja ya video tulivu inayoonyesha kichwa cha king'ora, kabati la umeme chini ya nguzo na mazingira yake ina thamani kuliko saa nzima ya sauti safi. Hata kwa ving'ora vya mota ningetaka picha kila inapowezekana, kwa kuwa aina mbili tofauti zinaweza kuwa na idadi moja ya matundu.

Kuchagua kwa kutazama kalenda

Jambo moja ambalo halitajwi vya kutosha katika ulinganisho huu ni mara ngapi utapata nafasi ya kurudia. Nchini Austria ving'ora hujaribiwa kila Jumamosi saa sita mchana, kwa hiyo anayejifunza kinasa sauti anaweza kukosea wiki hii na kurekebisha wiki ijayo. Uholanzi hufanya jaribio Jumatatu ya kwanza ya mwezi saa sita mchana, Ufaransa Jumatano ya kwanza ya mwezi saa hiyohiyo, na Chicago Jumanne ya kwanza ya mwezi saa nne asubuhi. Hapo kosa moja linagharimu mwezi. Uswisi hujaribu nchi nzima mara moja kwa mwaka, Jumatano ya kwanza ya Februari saa saba na nusu mchana, na Ujerumani ina siku yake ya kitaifa ya tahadhari Alhamisi ya pili ya Septemba. Nafasi inapokuwa adimu kiasi hicho, kutegemea kifaa kimoja ambacho kiwango chake umekikisia ni kuucheza mwaka mzima kwa bahati.

Kwa hiyo ushauri wangu hubadilika kulingana na mtu. Anayeanza, mwenye king'ora cha mota kisichozunguka karibu naye, atumie simu na ajifunze spektrogramu; fedha zake zikae. Anayefuata ving'ora vya kielektroniki atumie simu pia, ila aitumie zaidi kama kamera. Anayetaka kurekodi ving'ora vinavyozunguka, au vya zamani vyenye rota nzito ambavyo vinaondolewa mwaka hadi mwaka, anunue kinasa sauti chenye kiwango cha kuwekwa kwa mkono na sifongo ya upepo, na asisumbuke na sifa nyingine zilizoandikwa kwenye boksi. Kwa jaribio la mara moja kwa mwaka, beba vyote viwili: simu ikichukua video juu ya kitegemeo chake, kinasa sauti pembeni, na kofi moja la mikono mbele ya kamera ili baadaye uoanishe sauti na picha. Iwapo mlio si wa jaribio, bali ni tahadhari ya kweli, achana na vifaa vyote na ufuate maelekezo yanayotolewa.

Kifaa chochote utakachochagua, kiwashe dakika mbili kabla ya saa iliyotangazwa na usikizime mlio unapoisha. Acha rota imalize mteremko wake wote, hesabu dakika moja zaidi ya ukimya, kisha sema kwa sauti yako ndani ya rekodi hiyohiyo: tarehe, saa, umbali wako kutoka kwenye nguzo, upepo unatoka wapi, na kama kichwa cha king'ora kilikuwa kinazunguka. Majina ya mafaili hubadilishwa na kadi za kumbukumbu huchanganywa, lakini maelezo yaliyosemwa ndani ya sauti huenda popote sauti inapokwenda, na anayeifungua baada ya miaka ishirini, king'ora chenyewe kikiwa kimeshateremshwa, ataweza kuyatumia.